UZI: Dokyumentari za kuonyesha ukumbini hapa Kisumu, zipi zinashika watu?

Japuonj_Nyalenda

Wadau, hamjambo. Kikundi cha vijana na akina mama hapa Nyalenda kinataka kuonyesha dokyumentari Jumamosi moja kila mwezi, bila kiingilio. Ukumbi ni wa kanisa, paa la mabati, watu sitini wakibanana. Wengi wanafuata Kiswahili na Dholuo vizuri. Kiingereza cha haraka kinawaacha njiani. Tunataka sita za kuanzia, zenye jambo la kubishania baadaye, siyo simba kumfukuza swala tu. Wenye ujuzi wa vyombo nao watusaidie: projekta ya aina gani, sauti vipi, ruhusa inatoka wapi. Mkitaja filamu, toeni na sababu.

Mbuta_Kavu

Japuonj, anza na ile ya ziwa lenyewe, Victoria: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004, dakika 107. Ilipigwa Mwanza na ikateuliwa kuwania Oscar. Inamfuata mbuta (sangara) kutoka mtumbwini hadi kiwandani, minofu inapakiwa kwenye ndege za Ilyushin kwenda Ulaya, na wenyeji wanabaki na vichwa na mifupa. Mtu wa mtaa wa Obunga hahitaji kuelezwa mgongo wazi, yaani hiyo mifupa iliyobaki baada ya minofu, ni kitu gani. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuipendekeza: watazamaji wako wanamjua samaki huyu kuliko mwongozaji, kwa hiyo kila tukio wanaweza kulipima wenyewe badala ya kulimeza.

Waambie mapema waangalie jambo moja. Filamu inauliza tena na tena: ndege hizi zinakuja na nini kabla ya kuondoka na samaki? Inadokeza silaha. Sasa hesabuni ushahidi. Marubani wanakwepa swali karibu filamu nzima, halafu mwishoni mmoja anasimulia alivyopeleka vifaa vya kivita Angola na kurudi na zabibu kutoka Johannesburg. Ni ungamo zito, lakini ni la Angola. Hamtaona kreti ya bunduki ikishushwa Mwanza. Je, mwongozaji ametuonyesha au ametusukuma tukisie? Swali hilo peke yake linatosha saa nzima ya mjadala.

Nyar_HomaBay

@Mbuta_Kavu, ni filamu kubwa, sibishi, ila ningeiweka ya tatu au ya nne. Ukianza nayo, watu watadhani kila dokyumentari lazima imwache mtu na uchungu tumboni.

Pia ina mapengo. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na ni kweli fulu, wale samaki wadogo wa asili, wa aina nyingi walipotea. Lakini ziwa halikuumizwa na mbuta peke yake. Kuna maji taka ya miji, mbolea inayoletwa na mito, gugu maji, nyavu za matundu madogo. Filamu imechagua mhalifu mmoja kwa sababu mhalifu mmoja ni rahisi kumpiga picha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani kwamba inaichafua Tanzania, na Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa upande wa ushahidi. Japuonj, siku hiyo tafuta mama anayeuza mgongo wazi na mtu wa beach management unit (kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo), wakae mbele. Filamu ikiisha, wao ndio waanze kuzungumza, siyo wewe mwalimu.

Mzinga_Kakamega

Ya kufungulia ni Honeyland, bila shaka yoyote. 2019, Makedonia Kaskazini, waongozaji Tamara Kotevska na Ljubomir Stefanov, kama saa moja na nusu. Mama mmoja, Hatidže Muratova, anafuga nyuki wa kienyeji kijijini ambako wenzake wote wamehama. Anarina asali nusu, nusu anawaachia nyuki. Inakuja familia yenye watoto wengi na ng'ombe, baba anajifunza ufugaji kwake, kisha mnunuzi anamshinikiza atoe asali nyingi zaidi. Anarina yote.

Wafugaji wa nyuki wa huku wataelewa kabla filamu haijaeleza. Kundi la nyuki likinyang'anywa chakula chote halifi kimya kimya, linakwenda kupora mzinga wa jirani. Nyuki wa mama huyu wanaangamia kwa tamaa ya mtu mwingine. Hakuna msimulizi, hakuna mtaalamu wa kuhojiwa, hakuna takwimu hata moja. Walipiga picha kwa miaka mitatu, zaidi ya saa 400, ndipo wakapata hicho mnachokiona. Filamu hiyohiyo iliteuliwa Oscar katika vitengo viwili mwaka mmoja: dokyumentari bora na filamu bora ya kimataifa.

Wanazungumza Kituruki, kwa hiyo hakuna mtu ukumbini atakayekuwa na faida ya lugha juu ya mwenzake. Maneno yenyewe ni machache.

Fundi_Waya

Majina yanatiririka lakini vyombo hakuna aliyevigusa. Japuonj, chukua kalamu.

Kwa watu sitini, picha ya mita 2.4 kwa 1.35 inatosha. Aliye nyuma kabisa asizidi mita nane kutoka kwenye picha, la sivyo hatasoma maandishi ya chini. Usinunue skrini. Nenda soko la Kibuye ukate kitambaa cha marekani, cheupe, kizito, mita 2.8. Jora lina upana wa karibu mita 1.5, hivyo ukililaza kwa urefu hupati mshono katikati ya picha. Kunja pindo juu na chini, pitisha bomba la PVC, la chini litaivuta nguo inyooke. Nyuma yake tundika kitambaa cheusi, maana marekani inapitisha mwanga na picha inafifia. Ukingo wa chini uwe mita 1.3 kutoka sakafuni. Hapa ndipo wengi hukosea: wanatundika chini, vichwa vya safu ya kwanza vinafunika maandishi, na nusu ya ukumbi haielewi kinachoendelea.

Projekta iwe na ANSI lumeni 3000 au zaidi. Neno ANSI, yaani kipimo sanifu cha mwanga, ni lazima lionekane. Zile ndogo za bei rahisi zilizoandikwa "9000 lumens" bila ANSI hazitoi hata sehemu ndogo ya hiyo, na utaona picha ya kijivu. Angalia pia uwiano wa umbali: ukiwa 1.5, picha ya mita 2.4 inahitaji projekta iwe mita 3.6 kutoka kwenye nguo. Iinue kwenye meza juu ya meza mpaka lenzi ikaribie usawa wa picha. Ukiiweka chini na kuielekeza juu, picha inapanuka upande mmoja, halafu utairekebisha kwa kitufe cha keystone (cha kunyoosha picha) na kupoteza ukali wa herufi.

Sauti ndiyo inayoua maonyesho mengi, kuliko picha. Spika iliyo ndani ya projekta ni ya mtu mmoja mezani. Tafuta spika mbili zenye amplifaya ndani, inchi 8 hadi 12, uziweke kando ya nguo, juu ya stendi, pembe kwa masikio ya waliokaa katikati. Spika za disko zikiwa na besi juu, punguza besi: dokyumentari ni sauti za watu, na besi inazifunika.

Laptopu ikae karibu na projekta kwa HDMI fupi ya mita mbili au tatu, kisha waya mrefu uwe wa sauti. Watu hufanya kinyume: wanavuta HDMI ya mita 15 kutoka jukwaani na picha inaanza kupepesa au kuzimika. Ukisikia mvumo kwenye spika, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikoma, tatizo ni mzunguko wa ardhi (ground loop), vyombo vikiwa vimeunganishwa ardhini kwa njia mbili. Chomeka laptopu na spika kwenye soketi moja, au tumia DI boksi, kisanduku cha kutenganisha sauti na umeme huo.

Kondele_Kid

@Fundi_Waya shikamoo mzee. Na stima ikipotea?

Fundi_Waya

Marahaba. Jumlisha: projekta kama wati 300, spika na mikisa 200, laptopu 65. Jenereta ya kVA 2 inabeba bila kulia. Iweke mita 20 nje, upande ambao upepo hauleti moshi ndani, waya wa milimita 2.5 za mraba. Pitisha umeme kwenye stabilaiza, kwa sababu jenereta ndogo hupandisha na kushusha volti. Projekta ya taa peke yake ichomekwe kwenye UPS (betri ya akiba) ya VA 1000. Si kwa ajili ya kumalizia filamu. Taa ikizimwa ghafla ikiwa moto na feni ikasimama, maisha yake yanapungua sana, na taa mpya ni gharama. UPS inakupa dakika chache za kuizima kwa utaratibu. Projekta za LED au leza hazina shida hiyo.

Heroe_wa_Nakuru

Sisi wa Nakuru tunaleta ya kwetu: The Crimson Wing, 2008, ya Disneynature, waongozaji Matthew Aeberhard na Leander Ward. Inahusu heroe (flamingo) wadogo wa Ziwa Natron, Tanzania. Najua Japuonj amesema hataki wanyama wakifukuzana, lakini hii ina jambo. Magadi yanaganda miguuni mwa vifaranga kama pingu, na wengine hawafiki mbali.

Thamani yake kwa mtu wa Nakuru ni kuelewa kwamba ziwa letu si nyumbani kwao pa kuzalia, huja kula. Natron ndiko Afrika Mashariki wanakozalia kwa uhakika. Chakula chao ni mwani unaopenda maji ya chumvi na magadi. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda kuanzia miaka ya 2010, hadi lango kuu la zamani la mbuga likafunikwa, chumvi ilizimuliwa, mwani ukapungua, ndege wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Filamu haielezi haya, ilitoka kabla. Lazima mtu asimame baada ya filamu aunganishe. Kasoro yake: msimulizi anawapa ndege hisia za binadamu kupita kiasi. Punguza sauti ya maneno akilini mwako, tazama picha.

Kondele_Kid

Na Kipchoge: The Last Milestone? 2021. Wote watakuja!

Nyar_HomaBay

Watakuja, watashangilia, watarudi nyumbani. Ni ile marathoni ya Vienna 12 Oktoba 2019, 1:59:40, wasindikizaji 41 wakipokezana, gari mbele likimulika mstari wa leza barabarani. Picha ni safi sana na Kaptagat, anakofanyia mazoezi, inapendeza. Lakini matokeo tunayajua, na hakuna mtu anayeulizwa swali gumu. Kwa nini muda ule haukuingia kwenye rekodi rasmi, kwa mfano? Ni kwa sababu ya wasindikizaji waliokuwa wakiingia na kutoka na vinywaji vilivyoletwa mkononi, na hilo lingezaa mjadala mzuri. Mpe nafasi ya Desemba, watoto wakiwa likizo.

Kama ni michezo, afadhali When We Were Kings ya Leon Gast: Ali na Foreman, Kinshasa, Oktoba 1974. Picha zilipigwa wakati huo, filamu ikatoka 1996 ikashinda Oscar. Pambano lenyewe ni sehemu ndogo. Kubwa ni Mobutu, pesa, wanamuziki waliokuja kutoka Marekani, na jinsi Ali alivyowateka wenyeji ilhali Foreman alijifungia. Wazee wenu wanaikumbuka kwa redio.

Mama_Maktaba

Nishike upande wa zetu wenyewe, maana naona mmezunguka dunia nzima mkaruka Kenya.

The Letter, 2019, ya Maia Lekow na Christopher King. Kijana anarudi nyumbani Kilifi baada ya nyanyake kutuhumiwa uchawi kwa barua. Ndani yake utaona shamba, dini na jamaa wanaojua thamani ya ardhi ya mzee. Kiswahili na Kigiriama. Ndiyo Kenya iliyoipeleka Oscar kwa mwaka wa 2021. Msidhani ni mambo ya Pwani: nendeni Kisii muulize kuhusu tuhuma kama hizi. Kwa ukumbi wa Nyalenda hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote zilizotajwa, kwa sababu haina mtu mbaya wa kutoka nje. Wote ni wa ukoo mmoja.

Thank You for the Rain, 2017: Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera na mwongozaji Julia Dahr wa Norway akajirekodi mwenyewe kwa miaka, kutoka ukame na mafuriko hadi mkutano wa tabianchi wa Paris 2015. Angalia nani ameshika kamera katika kila tukio, picha zinabadilika.

Softie ya Sam Soko, 2020, inamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi akigombea ubunge Starehe. Watu wataizungumzia kama siasa. Nguvu yake iko kwa mkewe na watoto, yaani bei ambayo nyumba inalipa. Iliondoka tamasha la filamu la Sundance na tuzo ya uhariri.

Sasa ruhusa, maana hapa ndipo vikundi hujikuta matatani. Kuna vitu viwili tofauti. Kwanza ni haki ya mwenye filamu. Kulipia Netflix nyumbani si ruhusa ya kuonyesha ukumbini. Baadhi ya dokyumentari zao wameziruhusu kwa maonyesho ya elimu ya mara moja, bila kiingilio, bila mchango, bila matangazo. Tafuta maneno hayo kwenye ukurasa wa filamu yenyewe, na kama hayapo, hairuhusiwi. Kwa filamu za Kenya, waandikie watengenezaji moja kwa moja. Barua iwe fupi: kikundi gani, wapi, tarehe, watu wangapi, kiingilio hakuna. Omba faili ya MP4 ya H.264 yenye 1080p na faili ya SRT, ile ya maandishi ya chini, kando. Wengi hufurahi filamu ikifika mtaani.

Pili ni serikali. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, filamu ya kuonyeshwa hadharani inapaswa kuwa imeainishwa na bodi ya filamu, KFCB: GE kwa wote, PG, 16 au 18. Nenda ofisini kwao mapema ukiwa na jina la filamu, mahali na tarehe. Usimwache askari akuulize mlangoni.

Kondele_Kid

Za zamani je, zile nyeusi na nyeupe? Hizo si za bure?

Mama_Maktaba

Kwa sheria yetu ya hakimiliki, kazi ya picha na sauti inalindwa miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kutolewa. Kwa hiyo Nanook of the North ya Robert Flaherty, 1922, ni huru. Tahadhari: ni filamu bubu, na muziki uliowekwa juu yake miaka ya karibuni unaweza kuwa na mwenyewe. Zima sauti, mlete mpiga nyatiti akae kando ya skrini.

Ionyesheni siku mtakapotaka kuzungumzia uongo. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook, aliitwa Allakariallak. Watu wake, Wainuiti, walikuwa tayari wanawinda kwa bunduki. Flaherty aliwataka watumie mikuki. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, ili mwanga uingie na kamera ienee. Halafu linganisheni na Darwin's Nightmare. Yupi amewapotosha zaidi?

Mbuta_Kavu

Hapo umenishika. Flaherty aliwapanga watu. Sauper alipanga maswali. Bado nasema wa pili anakuachia nafasi ya kumkatalia. Wa kwanza hakuachii, mpaka mtu akuambie.

Arap_Kapsabet

Ongezeni Dahomey ya Mati Diop, 2024. Dakika 68 tu, na ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Vitu 26 vya kifalme vinarudishwa Benin kutoka Paris, Novemba 2021. Sanamu moja imepewa sauti, inazungumza Kifoni kutoka ndani ya kreti. Wengine sehemu hiyo inawachosha, vumilieni. Kiini ni wanafunzi wa chuo kikuu wakibishana: vitu 26 kati ya maelfu, ni heshima au ni dharau? Huku Nandi swali hilo si la Benin. Fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, zilirudi 2006, karne moja baada ya kuuawa kwake 1905, na fuvu lake bado linatafutwa. Kwa ufupi wake, mna saa nzima ya mjadala kabla watu hawajaanza kuwaza matatu za mwisho.

Japuonj_Nyalenda

Ahsanteni sana. Mawili yananisumbua bado. Maandishi ya chini: wapo akina mama wasiosoma haraka. Na mvua juu ya mabati.

Fundi_Waya

Maandishi kwanza. Faili ya SRT ni maandishi matupu. Unaifungua kwa Notepad, unatafsiri mistari kwa Kiswahili, nambari za muda usiziguse, unahifadhi kwa UTF-8. Ipe jina sawasawa na la video, ziweke folda moja, VLC (programu ya kuchezesha video) itaisoma yenyewe. Mstari usizidi herufi 40 hivi, mistari miwili tu kwa mara moja. Kiswahili hurefuka, kwa hiyo fupisha maana, usifasiri neno kwa neno. Maandishi yakichelewa au kuwahi, bonyeza G au H. Sauti ikiachana na midomo, J au K. Fanya jaribio siku moja kabla, kwa laptopu ileile na waya uleule. Ukitumia flashi, ya FAT32 haikubali faili inayozidi GB 4. Ipange upya iwe exFAT. Na video ya H.265 ikikwamakwama kwenye laptopu ya zamani, igeuze kuwa H.264 kwa programu ya HandBrake usiku uliotangulia, siyo watu wakiwa wameketi.

Nyar_HomaBay

Kwa wasiosoma, mweke msomaji mmoja na maikrofoni, asome Dholuo kwa sauti ya chini, akitangulia kidogo tu. Ajifunze filamu mara mbili kabla. Kosa la kawaida ni msomaji kuanza kueleza na kuchekesha. Huyo si msomaji tena, ni DJ wa kusimulia filamu kwa utani. Honeyland ina maneno machache, ni nzuri kwa kumfundishia kazi.

Fundi_Waya

Mvua: hakuna spika inayoshinda mabati. Ukiongeza sauti inakuwa kelele juu ya kelele. Simamisha, subiri. Au panga miezi: Machi hadi Mei onyesheni zile zinazoeleweka kwa picha na maandishi, yaani Honeyland na Nanook. Softie na When We Were Kings, ambazo ni maneno mfululizo, ziende Julai au Januari. Msianze kabla ya saa moja na robo usiku kama madirisha hayana mapazia. Na msipeleke nje karibu na ziwa ati kuna nafasi: wadudu wa ziwani watajaa kwenye mwanga wa projekta, wataingia kwenye feni, na kwenye nguo nyeupe mtaona wao kuliko filamu.

Japuonj_Nyalenda

Sawa jaduong'. Basi Honeyland ya kwanza, The Letter ya pili, Dahomey ya tatu, Darwin's Nightmare ya nne na mama wa Obunga mbele. Nanook ya tano, mwezi unaofuata mara moja, ili tulinganishe. Ya sita bado. Barua ya The Letter naandika leo. Kuna mwenye stendi mbili za spika za kuazima Kisumu?

Kondele_Kid

Ninazo, ila moja skrubu yake imekufa. Njoo na bolti ya milimita 8.